Barua kwa mwanangu: Kwa nini Zafarullah hakujiuzulu

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima, alhamdulillahi.

Unasema huko ofisini kwenu kaunti wameanza tena ile ya "huyu si wa hapa, kiti hicho ni cha mwenyeji", na kwamba barua ya kujiuzulu umeshaiandika, iko ndani ya droo. Halafu, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, ukaniuliza: yule Zafarullah Khan wa Pakistan niliyekuwa nikiwasimulia darasani, mbona hakujiuzulu mji ulipowaka moto kwa ajili yake? Najua hukubadilisha mazungumzo. Basi nianze na huyo.

Alizaliwa Sialkot, jimbo la Punjab, India ya Waingereza wakati huo, mwaka 1893. Alisomea sheria London, akarudi kuwa wakili, akaingia siasa za Punjab, na kufika 1935 alikuwa mjumbe wa baraza la Gavana Mkuu wa India, akishika mambo ya biashara na reli. Mwaka 1941 akawa jaji wa Mahakama ya Shirikisho ya India. Julai 1947, Waingereza walipokuwa wakiikata Punjab vipande viwili, yeye ndiye aliyesimama Lahore mbele ya tume ya mipaka kuutetea upande wa Muslim League, chama kilichodai nchi ya Pakistan. Desemba mwaka huo Jinnah, mwasisi wa Pakistan, akamteua waziri wa mambo ya nje, wa kwanza katika nchi iliyokuwa na umri wa miezi minne.

Kazi aliiweza. India ilipoupeleka mgogoro wa Kashmir, jimbo lililogombaniwa na nchi hizo mbili, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Januari 1948, ilikwenda kama mshtaki, na Pakistan mshtakiwa. Zafarullah alizungumza kwa masaa, kikao baada ya kikao, akirudisha kila jambo kwenye mauaji ya Punjab na namna mtawala wa Kashmir alivyojiunga na India. Alipomaliza, ajenda haikuitwa tena suala la Jammu na Kashmir, iliitwa suala la India na Pakistan. Wewe mwanasheria unaelewa maana ya kubadilisha kichwa cha shauri. Palestina pia aliitetea New York, mwaka 1947, azimio la kuigawa lilipokuwa bado linajadiliwa, na Waarabu hawakumsahau kwa hilo.

Sasa tufike penye mwiba. Zafarullah alikuwa Mwahmadiyya, yaani mfuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India, ambaye wafuasi wake humwita nabii, na kwa hilo Waislamu wengi huwakataa. Hapa pwani unajua watu wanavyokunja uso ukitaja Makadiani, kama wanavyowaita, na mimi sikuandikii ili nikufundishe itikadi yao, siifuati. Lakini Jinnah alijua dini ya mtu huyu alipomteua. Na Septemba 1948, Jinnah alipozikwa Karachi, waziri wake wa mambo ya nje alikuwepo na hakuliswalia jeneza, kwa kuwa imamu aliyeongoza alikuwa miongoni mwa waliowaona Waahmadiyya si Waislamu. Jambo hilo hakusamehewa. Ukiniuliza mimi, nitakwambia ukweli haukuwa mgumu: asingeweza kumfuata imamu aliyemtoa katika dini. Lakini siasa haina nafasi kwa maelezo ya namna hiyo.

Mwaka 1952 akaongeza kuni mwenyewe. Jumuiya yake iliandaa mkutano wa hadhara Karachi, mwezi Mei, naye akaalikwa kuhutubia. Waziri Mkuu Nazimuddin alimsihi asiende. Akajibu kwamba ameshaahidi, na kama Waziri Mkuu anashikilia, yuko tayari kujiuzulu. Akaenda, akahutubia, na fujo zikafuata. Hapo mimi simtetei. Mtu binafsi ana haki ya kuhutubia jumuiya yake, ila waziri anayeiwakilisha nchi nzima akisimama pale, anawapa wapinzani wake kile walichokuwa wakikitafuta. Tazama lakini kwamba barua ya kujiuzulu aliitoa mezani siku hiyo, kwa sababu yake mwenyewe.

Januari 1953 baadhi ya masheikh walimpelekea Nazimuddin madai matatu na muda wa mwezi mmoja: Waahmadiyya watangazwe si Waislamu, Zafarullah aondolewe uwaziri, na Waahmadiyya wote waondolewe kwenye vyeo vikubwa. Soma tena hayo madai, mwanangu. Hakuna hata moja linalosema waziri ameshindwa kazi, ameiba, ameiuza nchi. Nazimuddin alikataa. Sababu zake hazikuwa zote za kishujaa. Nchi ilikuwa na upungufu wa chakula, ilikuwa ikiomba ngano Marekani, na kumfukuza waziri aliyejulikana sana huko ng'ambo ilikuwa hasara tupu. Lahore ikawaka, watu wakauawa, na tarehe 6 Machi jeshi likaushika mji chini ya sheria ya kijeshi.

Halafu angalia mambo ya serikali yalivyo: Aprili, aliyefukuzwa kazi alikuwa Nazimuddin. Gavana Mkuu alimwondoa, akaletwa Waziri Mkuu mpya, na Zafarullah akabaki palepale na wizara yake ileile hadi 1954.

Baada ya ghasia, Jaji Muhammad Munir na mwenzake waliendesha uchunguzi. Waliwauliza masheikh mmoja mmoja: Mwislamu ni nani? Wakaandika kwamba hawakuwapata wawili waliokubaliana. Hilo ndilo jibu la swali lako kwa upande wa 1953. Angejiuzulu wakati ule, angekuwa amekubali kwamba kabla ya kumpima waziri kwa kazi yake, kwanza apite mtihani ambao hata watahini hawakubaliani majibu yake. Mwenzake katika baraza lile la kwanza, Jogendra Nath Mandal, Mhindu wa tabaka la chini aliyekuwa waziri wa sheria, alijiuzulu 1950 na kukimbilia India. Simlaumu, watu wake walikuwa wakiuawa. Lakini nafasi yake ilipobaki wazi, waliomtaka atoke hawakupoteza chochote.

Na si kila mahali iliwaka. Mwaka huohuo wa 1953 Waahmadiyya walichapisha Nairobi tafsiri yao ya Qur'ani kwa Kiswahili. Masheikh wetu waliipinga vikali, na walijibu kwa kalamu. Na huko Tanganyika, Sheikh Amri Abedi, malenga, mfuasi wa jumuiya hiyohiyo, aliyekwenda kusoma Pakistan kwao, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha waziri wa sheria. Wangapi wanaokwenda kutazama mpira kwenye uwanja wa jina lake Arusha wanaijua madhehebu yake?

Baada ya uwaziri akaenda The Hague kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kisha New York kuiwakilisha Pakistan. Septemba 1962 alichaguliwa rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na siku ileile Rwanda na Burundi zikapokewa kuwa wanachama. Uganda ikaingia Oktoba, yeye akiwa bado kwenye kiti.

Akarudi mahakamani 1964, na hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Ethiopia na Liberia zilikuwa zimeishtaki Afrika Kusini kwa namna ilivyoitawala Afrika ya Kusini Magharibi, yaani Namibia. Rais wa mahakama, Sir Percy Spender wa Australia, alimwambia Zafarullah asikae kwenye kesi ile, kwa kuwa Ethiopia na Liberia ziliwahi kumteua awe jaji wa upande wao. Hakukubaliana na hoja hiyo, lakini hakukaa. Julai 1966 kura zikagongana, saba kwa saba. Spender akapiga kura ya uamuzi, na Ethiopia na Liberia zikaambiwa hazina haki ya kisheria katika jambo lile. Kiti kimoja kitupu, na Namibia ikasubiri.

Mwaka 1971 suala la Namibia likarudi The Hague, safari hii rais wa mahakama akiwa Zafarullah mwenyewe. Afrika Kusini ikapinga yeye kukaa kwenye shauri hilo. Mahakama ikakataa pingamizi. Tarehe 21 Juni, kwa kura 13 dhidi ya 2, ikatamkwa kwamba kuwepo kwa Afrika Kusini Namibia ni haramu na lazima iondoke. Mara ya kwanza alitoka, mara ya pili alikaa, na tofauti unaiona.

Nyumbani kwao hadithi haikuwa njema. Septemba 1974 bunge la Pakistan lilibadilisha katiba, Waahmadiyya wakatamkwa si Waislamu. Dai la kwanza la 1953 likapita. Alikuwa ameshastaafu, akiishi kwenye nyumba ndogo jirani na msikiti wa jumuiya yake London. Bado alirudi kufia kwao, Lahore, mwaka 1985.

Sasa wewe. Hao wanaokusema, wameandika popote kwamba kuna faili umeiharibu, mkataba ulioupitisha vibaya, kesi uliyoipotezea kaunti kwa uzembe? Kama lipo, niambie, na barua yako huenda ina haki yake. Kama hakuna, basi nijibu kwanza: ukitoka, atakayekaa hapo atapimwa kwa nini? Usiifungue hiyo droo kabla hujanijibu.

Mamako