Tochi Iliyoniangusha Mtaroni

Usiku mmoja wa masika, stima imepotea Nyamasaria yote, huku kwetu Kisumu, nilishuka matatu nikawasha tochi niliyokuwa nimeinunua soko la Kibuye Jumapili ile. Nikamulika geti letu kutoka mbali, nikaliona hadi kufuli. Hatua kumi mbele nilikuwa ndani ya mtaro, maji magotini, kiatu kimoja kimemezwa na ule udongo wetu mweusi. Tochi yenyewe bado ilikuwa inamulika geti.

"Baba Atieno, si ulikuwa na tochi?" mke wangu akauliza. Sikumjibu.

Tochi ile ni ya kuvuta kichwa. Ukikivuta, lenzi inakusanya mwanga wote kwenye duara dogo, na nje ya duara ni giza tupu. Tena jicho likishazoea ule mng'ao, giza la pembeni linazidi kuwa zito. Dukani huwezi kulijua hilo, maana muuzaji anamulika dari na wewe unashangaa.

Jumamosi nikaziweka tatu pamoja: hiyo, nyingine ndogo ya betri moja ya AA ambayo kikombe chake cha ndani, kile kinachorudisha mwanga mbele, ni laini kama kioo, na ya jirani yenye kikombe cha vinundu kama ganda la chungwa. Nilizimulika ukutani nikiwa mita mbili hivi. Ya kuvuta ilitoa duara kali lenye ukingo kama uliokatwa kwa wembe. Ya kikombe laini ilikuwa na kiini kikali katikati na mwanga hafifu ukikizunguka, pamoja na pete pete za ajabu. Ya vinundu haikuwa na pete. Kiini chake kiliyeyuka polepole kuelekea pembeni, na nilipotoka nayo njiani niliona miguu yangu, mtaro na majani ya ng'ambo kwa pamoja, bila kuzungusha mkono kama anayefukuza nzi.

Kwenye boksi utakutana na lumeni, yaani mwanga wote unaotoka. Kandela ni ukali wa kiini, na ndio unaoamua umbali. Tochi ya kandela 1,600 huandikwa mita 80. Ukitaka mita 160, kandela mara mbili hazitoshi, unahitaji 6,400, mara nne. Na hizo mita hupimwa hadi mahali mwanga unapobaki luksi 0.25 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Nyoka humwoni kwa mwanga huo! Mimi umbali ulioandikwa naugawa kwa tatu kabla sijaamini.

Ukitaka kulinganisha kwa picha, shikilia mipangilio ya kamera ya simu isibadilike. Ukiiacha ijipangie, itaipandisha tochi dhaifu na kuishusha kali, zote zitoke sawa. Chaji betri zote kwanza. Na usichomeke betri ya 14500, ile ya lithiamu ya kuchaji, kwenye tochi ya AA eti kwa sababu umbo ni lile lile: ya kawaida ni volti 1.5, hiyo ni 3.7, na tochi ambayo haikutengenezewa inaweza kuungua.

Rangi nayo ina mambo yake. Mwanga mweupe wa kubluu unavutia dukani. Lakini ule wa manjano kidogo unanionyesha tope ni tope na dimbwi ni dimbwi.

Sasa mfukoni natembea na ya vinundu (jirani alikubali tubadilishane kwa kuku mmoja, bei ambayo nyumbani bado inajadiliwa). Ile ya kuvuta inaning'inia kwenye msumari karibu na dirisha. Mbwa wakibweka usiku, namulika hadi kwenye ua wa michongoma bila kushusha miguu kitandani.