Maswali ya Wasomaji: Amri za IRC na FTP Zilizosahaulika

SWALI: Hamjambo? Enzi za saiba hapa Nakuru tulichati IRC mpaka wenyewe wafunge. Nimeweka irssi, programu ya kuchatia IRC, kwenye Linux yangu lakini amri zimenitoka kichwani. Nikumbusheni zile za lazima tu.
— Msomaji, Section 58, Nakuru

JIBU: Za lazima hazifiki kumi. Andika /connect -tls irc.libera.chat 6697 uingie kwenye mtandao wa Libera. Poti ya zamani, 6667, ingali inafanya kazi, ila kila unachoandika hupita wazi, hata nenosiri. Kisha /nick na lakabu yako, halafu /join na jina la chaneli likitanguliwa na alama ya reli, kwa mfano /join #linux. Kutuma mstari mmoja wa faragha ni /msg. Ukitaka dirisha zima la kuongea na mtu mmoja ni /query. /whois hukuonyesha mtu ni nani, /part hukutoa kwenye chaneli na /quit hukata muunganisho wote.

Mkwaju (/) lazima uwe alama ya kwanza kabisa katika mstari. Ukitanguliza nafasi hata moja, programu huona ni maneno ya kawaida na kuyamwaga mbele ya chaneli nzima. Ndivyo mtu anavyojikuta ametangaza nenosiri lake alipokuwa akiandika /msg NickServ IDENTIFY, amri ya kuthibitisha kuwa lakabu ni yake. Amri hiyo iandikie dirisha la kwanza (Alt na 1), ambako mstari ukikosewa hauendi kwa mtu. Likishavuja, libadilishe papo hapo: /msg NickServ SET PASSWORD na jipya.

SWALI: Kwenye irssi, nikimtumia rafiki yangu faili kwa /dcc send, anaona ofa, anaikubali, halafu hakuna kinachosogea. Chati yenyewe haina shida. Kosa liko wapi?
— Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Amri yako ni sahihi. Chati hupitia kwenye seva, lakini faili la DCC halipiti huko: kompyuta yako hutangaza anwani yake na poti, kisha ya rafiki yako hujaribu kuja kugonga moja kwa moja. Ikikuta rauta imefunga, inasubiri hadi inachoka.

Fungua ukurasa wa rauta uangalie anwani ya upande wa intaneti. Ikianza na 10. au 192.168., au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unatumia anwani moja na wateja wengine wa kampuni, na huna mlango wa kufungua. Bando za simu mara nyingi ziko hivyo. Ikiwa anwani ni yako peke yako, andika /set dcc_own_ip na anwani hiyo, halafu /set dcc_port 5000 5010, kisha uelekeze poti hizo kwenye kompyuta yako ndani ya rauta. La sivyo, mwenye anwani yake akiwa ni rafiki yako, geuza upande: /dcc send -passive, lakabu yake, jina la faili. Sasa wewe ndiye unayemgongea, kwa hiyo yeye ndiye wa kufungua poti. Nyote wawili mkiwa mmefungiwa, achaneni na DCC.

SWALI: Zipu niliyoshusha kwa FTP (njia ya kuhamisha faili kutoka kwenye seva) kwenye Windows ya shule haifunguki, lakini kwenye Linux yangu inafunguka. Seva ni ile ile.
— Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, linganisha ukubwa. Ile ya Windows itakuwa kubwa kidogo, kama KB 4 kwa kila MB 1. Programu ya ftp ya Windows huanza katika hali ya maandishi, hivyo kila penye alama ya mwisho wa mstari huongezeka baiti moja, na katika zipu alama hizo hutokea kwa bahati tu. Andika binary kabla ya get, amri ya kushusha. Zipu iliyokwisha kuharibika usihangaike kuitengeneza, ishushe upya.

Kwa faili nyingi tumia mget *.zip, ukitanguliza prompt ili isikuulize kila moja. Kuhamia folda ya seva ni cd. Ya kompyuta yako ni lcd. Na ls, amri ya kuorodhesha faili, ikiganda wakati umeshaingia vizuri, ni seva inayojaribu kukupigia na ukuta wa usalama unaikataa. Kwenye Linux andika passive. Hapo wewe ndiye unayeipigia seva. Ftp ya Windows haina hali hiyo, tumia programu ya FileZilla. Seva ikiwa na SSH (muunganisho uliofichwa), ingia kwa sftp, poti 22: get na put ni zile zile, na habari ya binary na passive haipo kabisa.