Bwawa la kijani na sabuni ya unga

SUALI: Assalaam alaykum Bibi wa Maabara. Nasomesha sayansi hapa Konde, Pemba. Bwawa lililo chini ya bonde letu la mpunga hugeuka kijani kila mbolea ikishatiwa, na mara nyengine asubuhi tunakuta perege wanaelea. Nataka wanafunzi wangu walichunguze, lakini nimeambiwa bila mashine ya mamilioni nisijisumbue. Kweli?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam, mwalimu wangu. Mashine weka kando. Chupa zako umezioshea nini?

Nina sababu ya kuuliza. Nilipoanza kazi nilipewa maji ya mto nipime fosfati, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini. Unatia dawa ya molibdeti; fosfati ikiwemo, maji yanageuka buluu, na ikizidi buluu inakoza. Zangu zilikoza kama wino. Nikafurahi! Fundi mkuu hakusema kitu. Alichukua chupa yangu tupu, akatia maji ya mvuke yasiyo na chochote, akatia dawa. Buluu vilevile. Kumbe chupa nilizisugua kwa sabuni ya unga yenye fosfati, nikijiona msafi. Kazi ya wiki mbili ikamwagwa karoni.

Basi sabuni usiiguse. Maabara husuuza kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Hiyo mwombe mwenye maabara akufanyie, si kazi ya watoto. Bwawani suuza chupa mara tatu kwa maji ya hapohapo, chuja papo hapo, tia kwenye deli la barafu. Vijidudu vilivyomo havijui kama vimeshatoka bwawani: chupa ikipata joto vinaendelea kula, na utakachopima maabara ya Chake Chake si maji uliyoyachota Konde.

Diski ya Secchi, ya kupimia uwazi wa maji, utaitengeneza mwenyewe. Padri wa Kitaliano, Angelo Secchi, aliijaribu baharini mwaka 1865. Mfuniko wa ndoo wa sentimita 20, robo nyeupe robo nyeusi, jiwe chini, kamba yenye alama. Iteremshe penye kivuli mpaka ipotee machoni, usome kamba.

Cha kuazima ni mita ya oksijeni. Pima baada ya adhana ya alfajiri, kisha saa tisa mchana. Ule ukijani, yaani mwani, mchana hutoa oksijeni, usiku huivuta pamoja na perege wako, ndiyo maana wanakufa kabla jua halijatoka. Anayepima mchana tu atakwambia bwawa halina tatizo.

Kuhusu mbolea: mwaka 1973 huko Kanada, wataalamu waligawa Ziwa 226 kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili walitia kaboni na naitrojeni, upande mmoja wakaongeza fosforasi. Huo ndio uliogeuka kijani. Kasome magunia ya wakulima wenu, namba ya katikati ndiyo ya fosforasi: urea ni 46-0-0, DAP ni 18-46-0.

Na watoto wasiingie majini, mwalimu. Kichocho tunakijua. Fungeni kopo kwenye mti mrefu, mchote mkiwa ukingoni.