Dirisha Pana Lilivyonitia Hasara, na Ninavyopima Sasa

Juzi dada mmoja wa Lindi alinitumia ujumbe: "Kaka, dirisha langu la sebuleni ni pana, mita tatu na nusu. Fundi kapima mara moja tu, anataka nusu ya hela aagize blaindi Dar. Nimpe?" Nikamjibu palepale: dada yangu, usimpe hata mia. Baada ya hapo usingizi ulinipaa, maana mambo hayohayo niliyafanya mimi hapa Mtwara miaka sita iliyopita, na mpaka leo yananiuma.

Ulikuwa msimu wa korosho. Mama mmoja mwenye mikorosho yake Tandahimba alikuwa amemaliza nyumba Shangani, nyumba nzuri, na sebule ina dirisha la aluminiamu linalotazama magharibi. Alasiri jua linaingia mpaka kwenye makochi. Akataka blaindi la kuviringisha, yaani pazia linalojiviringisha kwenye bomba juu ukivuta mnyororo, likae ndani ya uwazi wa dirisha, kipande kimoja ukuta mpaka ukuta. Nikasema inawezekana. Nilikuwa na haraka ya kupata jina.

Nikapima chini, kwenye ukingo wa dirisha, kwa sababu huko hakuhitaji ngazi. Tepu ikasoma milimita 3,612. Nikatoa 10 za kupumulia, nikaagiza 3,602. Sikupima kati, sikupima juu. Mzigo ukaja na lori baada ya wiki mbili, umefungwa kwenye boksi refu, na mimi nikaenda nimevaa shati jipya.

Upande wa kushoto uliingia. Wa kulia ukagota kwenye plasta. Nikasukuma, plasta ikamomonyoka ikanidondokea usoni, na ile rangi ya krimu ikabaki na mchubuko wa urefu wa kidole. Ndipo nikapanda na tepu juu, chini ya linta, ile boriti iliyo juu ya dirisha: 3,590. Fundi wa plasta alikuwa ameijaza zaidi kona ya juu, na ukuta kwa macho umenyooka kabisa. Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu, shemeji zake wakiwa wamekaa wanatazama: "Mwanangu, kwani ulipima nini?"

Duka halikurudisha hela, kwa sababu kitu kilichokatwa kwa kipimo chako hakina mteja mwingine. Salio sikulipwa. Niliuza drili yangu ili nimrudishie malipo ya awali. Aliyenipa moyo hakuwepo, na waliokuwa wananiita bosi walinyamaza.

Sasa sikiliza, wewe unayetaka kufika mbali kwenye kazi hii, maana najua hutaki kubaki fundi wa kuitwaitwa. Upana pima mara tatu: juu, kati, chini. Kimo pima mara tatu: kushoto, kati, kulia. Tumia tepu ya chuma, ya kitambaa inavutika. Andika kwa milimita. Kwenye upana, kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kuagizia. Pima pia kona kwa kona. Namba mbili zikitofautiana, uwazi umekaa mshazari. Halafu uliza dukani: mnataka kipimo cha uwazi au cha blaindi lenyewe? Wengine wanatoa zile milimita 10 wao wenyewe, na ukitoa na wewe, mwanga utakupenyea pembeni.

Kuna jambo ambalo hata ningepima vizuri siku ile lingeniumbua. Bomba refu likishikwa ncha mbili tu linapinda katikati, na kitambaa kinafanya makunyanzi. Dirisha pana ligawe. Wiki iliyopita nimefunga ukumbi Mikindani, uwazi wa milimita 4,187 pale palipo finyu. Nimeweka blaindi tatu, na kila maungio nikayapeleka mbele ya nguzo ya fremu, ili ule mwanya wa kitambaa na kitambaa uangukie kwenye aluminiamu na sio kwenye kioo. Breketi, vile vishikio vya bomba, nimezipanga kwa pima maji, sio kwa kufuata linta, kwa sababu linta nayo huongopa. Mwenye ukumbi alivuta mnyororo mmoja, akavuta wa pili, akaenda kukaa kwenye kiti cha mwisho akiangalia tu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia malipo.

Linta ni zege, kwa hiyo nenda na drili ya kupigapiga na fisha nzuri, vile vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu. Ukigonga nondo sogeza tundu, usilazimishe. Skrubu nunua zisizoshika kutu. Chumvi ya bahari yetu inakula chuma kimyakimya, na breketi iliyooza itamwangukia mtoto wa mtu. Mnyororo nao ufunge ukutani, juu, watoto wasiufikie.

Vijana, heshimuni tepu. Mteja amehangaika na shamba mwaka mzima kupata ile hela. Unapopima mara moja unaichezea. Pima mara tatu, chukua ndogo. Narudia kwa sababu nimeilipia: pima mara tatu.

Dada wa Lindi amepanda ngazi mwenyewe jana, kanitumia namba: juu 3,487, kati 3,494, chini 3,481. Nimemwambia tutaanzia kwenye 3,481. Fremu yake ina nguzo moja katikati, kwa hiyo ni blaindi mbili. Jumamosi nakwenda kupima tena kabla hajatuma hela Dar.