Je, niivunje programu yangu niiandike upya kwa klasi?

Ndugu wa Kondele, nimekupata: programu yako ya mauzo ya omena pale Dunga, Kisumu, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, inafanya kazi kwa fanksheni tupu (vipande vya msimbo, kila kimoja na kazi yake), sasa rafiki anakwambia uiandike yote upya kwa klasi, yaani vifungu vinavyoweka data na fanksheni zake pamoja. Usikimbilie.

Fanksheni si ushamba. Kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kimeandikwa zaidi kwa C, lugha isiyo na klasi. Jiulize tu: kuna data zinazosafiri pamoja kila mahali? Mimi niliandikia duka moja hapa Nakuru programu ya madeni. Jina, simu na salio la mteja nilivipitisha katika fanksheni kumi na moja. Siku salio lilipobadilishwa na fanksheni niliyokwisha kuisahau, nilikesha nikiitafuta! Klasi ya Mteja ndiyo iliyoniokoa. Salio likawa linabadilika kupitia mlango mmoja tu.

Basi anza na klasi moja, labda ya Mchuuzi. Mengine yaache yalivyo. Klasi kurithi (kuchukua data na fanksheni za) klasi inayorithi nyingine, hapo utajifunga mwenyewe. Kabla hujagusa chochote, hifadhi nakala kwa Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, na uandike majaribio ya kuhakiki hesabu za programu. Na kwa kuwa zile ni pesa za watu, mtafute mtaalamu aipitie kabla wachuuzi hawajaanza kuitumia.