Kwa nini oksijeni na naitrojeni hutembea wawili wawili

Ndugu uliyeuliza kwa nini hidrojeni, oksijeni na naitrojeni huwa na atomu mbili mbili ilhali arigoni hukaa peke yake: mwalimu akikwambia "zinaogopa upweke", usimsikilize. Mimi nilijibiwa hivyo hivyo, nikakariri, nikafaulu mtihani. Kuelewa nilielewa Katwe, Kampala, nikijifunza kuchomelea vyuma.

Siku hiyo mtungi wa arigoni, gesi inayokinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa, uliisha katikati ya kazi, nisijue. Kiungo kikatoka na vitundu tele. "Hewa imeingia!" fundi akafoka. Sasa hewa asilimia 78 ni naitrojeni, gesi tuliyofundishwa kwamba haina habari na mtu. Kumbe ule moto huzipasua jozi zake, atomu moja moja zikayeyuka ndani ya chuma cha majimaji. Kikianza kuganda, zinarudiana na kutoka kama mapovu.

Mbona zirudiane? Chukua hidrojeni, yenye elektroni moja. Atomu mbili zikisogeleana, elektroni zote mbili huvutwa na viini viwili (kiini ni kitovu cha atomu) badala ya kimoja. Hapo nishati inashuka, kama maji ya Nile pale Karuma, na inayopungua hutoka nje: kilojuli 436 kwa kila moli (fungu maalumu la kuhesabia) ya molekuli. Ukitaka kuzitenganisha, unailipa yote.

Atomu ya tatu haiingii kwa sababu ganda la hidrojeni, yaani nafasi ya elektroni kuzunguka kiini, hubeba elektroni mbili tu. Oksijeni huchangia jozi mbili za elektroni (kilojuli 498), naitrojeni jozi tatu (945), ndiyo maana ni sugu vile. Arigoni ganda lake la nje limejaa tayari. Ukizibananisha mbili, elektroni nyingine hulazimika kukaa mahali panapozisukuma atomu mbali, na faida yote inaliwa.

Ila kujaza ganda peke yake hakutoshi kueleza, na hapa ndipo walimu wengi hupita mbio. Fosforasi iko chini ya naitrojeni kwenye jedwali, elektroni za nje tano vilevile, lakini hukaa nne nne. Salfa nayo, ndugu ya oksijeni, nane nane. Atomu zao ni kubwa, hazisogeleani vya kutosha kufunga jozi ya pili na ya tatu kwa nguvu, kwa hiyo kila moja hushikana na majirani kadhaa, jozi moja moja.

Kile kiungo nilikisaga chote nikaanza upya. Mtungi mpya ukakatwa kwenye posho yangu.