Jibu kwa anayekwenda mazoezi kitengo maalum: anza na mama wa mtoto

Mwalimu (nakuita hivyo tangu leo, utazoea), umeuliza ujiandae vipi, maana mazoezi yako ya kufundisha yameangukia shule ya msingi yenye kitengo maalum, yaani madarasa ya watoto wenye ulemavu, hapa Mombasa, na chuoni mmesoma aina za ulemavu na sheria basi. Mimi nafundisha kitengo kama hicho upande wa Kisauni na wanafunzi wa ualimu huletwa kwangu. Nasema ninavyoona, wenzangu wataongeza.

Wengi huja wameiva kwa makaratasi. Mtu atakutajia Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, sera ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu, na usonji (autism) unavyotofautiana na mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Sivibezi, vina siku yake. Lakini mama anaingia na mtoto mgongoni, na mwalimu wangu anafungua fomu: "Alizaliwa vipi? Ulijua lini kwamba ana tatizo?" Mama huyo ameshaulizwa hayo hospitalini, kwa mganga, na kwa mama mkwe ndiyo usiseme. Atakujibu kwa mkato na kesho atamtuma jirani amlete mtoto.

Muulize hivi: "Mama, akitaka kitu hukuonyeshaje?" Tuna mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hasemi. Mwanafunzi mmoja wa ualimu alishamwandika kwenye ripoti kwamba haelewi. Mamake alipokuja kumchukua mchana, nikamwambia yule binti amuulize. Mama akacheka. "Akinyanyua macho juu, hiyo ndiyo. Akiyafumba, hapana. Akichoka na wewe hugeuza kichwa ukutani." Kabla ya wiki kwisha mtoto alikuwa akichagua picha kwa macho, na ile ripoti ikaandikwa upya. Mama hakuwa ameficha kitu, hakuna aliyemuuliza.

Jambo la pili ni kulisha. Saa nne uji ukija utapewa kijiko, na hapo mtihani wa chuo hausaidii. Mtoto asilazwe wala asiinamishwe kichwa nyuma, uji utamwendea njia ya hewa. Akae wima, kidevu kishuke kidogo, nawe ukae mbele yake usawa wa macho, usimsimamie juu. Kijiko kisijae. Kiguse ulimi, ukikandamize taratibu, ungoje ameze, ndipo ulete kingine. Akikohoa, simama. Na kila mtoto ana mkao wake, kwa hiyo siku ya kwanza muombe mama au msaidizi wa darasa akulishie huku ukitazama. Kazi hii inaweza kumaliza kipindi kizima, nawe ukaona hujafundisha. Umefundisha. Wanaofuata mtaala wa hatua badala ya umri, kula, kuvaa na kupiga mswaki ndiyo masomo yao.

Halafu nenda nyumbani, ukiongozana na mwalimu wa darasa na mama akiwa amekubali. Ukivuka feri na mama anayesukuma kiti cha magurudumu hadi ndani kabisa Likoni, ukaona kichochoro kisichopitisha gurudumu, ukaona matatu inavyoondoka kabla hajakikunja kiti, na bei ya tuktuk mvua ikinyesha, hutaandika tena "mzazi hajali" kwenye daftari la mahudhurio. Ukifika, msalimie nyanya kwanza. Nyumba nyingi huku yeye ndiye mwenye kauli kama mtoto ataendelea na shule au la. Wakikwambia mtoto ana jini, usianze kubishana na kutoa somo la ubongo sebuleni kwa watu. Mimi husema, "Dua iendelee, na shule nayo iendelee," tunakunywa chai, tunapanga.

Kuna swali utaulizwa hata njiani, lijue mapema: mtoto apelekwe wapi kupimwa? Vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanza nchini 1984, huangalia mtoto asome wapi na asaidiwe vipi. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni njia nyingine: huanzia hospitalini, kwa madaktari wanaopima ulemavu. Watu huvichanganya, mama anazungushwa mji mzima na nauli inamwishia.

Sasa wakubwa wa vyuo, kama mnasoma. Kuna chuo kimoja huleta basi zima asubuhi moja, unga na sukari, watoto wanapangwa mstari, picha zinapigwa, saa saba basi limeondoka. Mnahesabu hayo mafunzo? Mimi ningempa kila mwanafunzi familia moja kwa muhula mzima, na ningewaita akina mama chuoni waje kufundisha, walipwe angalau nauli na posho kama mgeni mwingine yeyote. Asiye na kitengo karibu aombe kukaa nyuma ya darasa kwenye shule maalum za hapa Mombasa: Tom Mboya kwa wenye mtindio wa ubongo, Ziwani kwa viziwi, au Likoni kwa wasioona. Siku kadhaa mfululizo, si ziara.

Mwisho wa mazoezi waage watoto mapema, hasa wenye usonji. Ukitoweka Ijumaa, Jumatatu darasa zima litalipia. Tumia picha au kalenda, mchore msalaba kila siku pamoja nao mpaka siku yako ya kuondoka. Mama naye ajue tarehe. Na yale uliyoandika, nani hunyanyua macho, nani hula amekaa vipi, yaache kwa mwalimu wa darasa mkononi. Ukiyapeleka ofisini yatafungiwa kabatini, na atakayekuja baada yako ataanza tena na ile fomu.